Kipande Kimoja cha Haluwa

Mwanakuu alipozinduka hospitalini, kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimekwisha katwa. Kilichomchoma zaidi ni sauti ya dada yake mkubwa, Swabaha, akiwaambia wageni kuwa lile lilikuwa jicho la husuda la watu wa arusini.

Jicho gani? Mtaa wao, Kibokoni nzima, ilijua kuwa Mwanakuu ana kisukari, miaka sasa, na kila asubuhi hujidunga sindano. Na Kibokoni nzima ilimsukumia sahani. Ukikataa, wajiona. Ukimtaja daktari, daktari si Mungu. Katika arusi ya mpwa wao, Swabaha alimega haluwa akamtia mdomoni mbele ya wanawake wote. "Kipande kimoja hakiui," akasema, nao wakacheka. Wiki nzima ya arusi wengine wakafuata mfano huo. Kiatu kipya kikamchubua, na kidonda kikakataa kupona.

Daktari alimwambia akajitunze. Ila namna ya kumkatalia dada aliyekulea tangu mama afe, hiyo hakumfundisha.

Nyumbani hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi moja, akianika nguo darini, juu ya nyumba, alijikuta akiiambia kanzu ya mumewe: "Sili!" Akalia. Kesho yake akaitukana. Akagundua kuwa maneno marefu humliza, mafupi husimama. Basi akawa anapanda kila siku, anasema ya Swabaha kwa sauti ya Swabaha, kisha anajijibu. Akikwama, anaanza upya. Siku nyingine ghadhabu ilimzidi, akaipiga ile kanzu ukutani mpaka mkono ukachoka, ndipo akaweza kushuka kuishika sindano bila kuichukia.

Faraj, mumewe, akamsikia. "Wasema na nani huko juu?"

"Na dada Swabaha."

"Swabaha yuko kwake."

"Najua."

Faraj akakuna kidevu. "Kuna bibi mmoja hodari wa kupunga pepo..."

"Sina pepo, Faraj. Nina hasira. Na huyo bibi akija, atakuta mlango una komeo."

Idi ikafika. Sebule ya Swabaha ilijaa jamaa, na sahani ikamfikia Mwanakuu.

"Twaa, mdogo wangu. Kipande kimoja hakiui."

"Sili, dada."

"Hebu wacha maringo!" Swabaha akamega, mkono ukaelekea mdomoni mwa mdogo wake. Mwanakuu akaudaka. Yote aliyoyapanga darini yakamtoka kichwani, yakaja mengine.

"Kipande chako kimoja kimekula kidole changu. Wataka na mguu?"



"Mimi nalikulea!" Swabaha akaupokonya mkono wake. "Wanitukana nyumbani kwangu, siku ya Idi?"

"Ulinilea. Basi usinizike."

Akatoka akichechemea. Huko kichochoroni akaegemea baraza ya watu. Alidhani angepata nafuu. Alichokuta ni hasira nyingine chini ya ile, kongwe zaidi, ya miaka yote ya kumeza asichokitaka.

Tangu siku hiyo Swabaha hakukanyaga kwake. Jamaa walimlaumu Mwanakuu, Faraj akamsihi akaombe radhi. Hakwenda. Aliendelea kupanda darini, maana sasa watu wa kuwajibu walikuwa wameongezeka.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja Swabaha akaingia bila hodi, akaketi mkekani.

"Ulinitia aibu."

"Nawe ulinitia kwenye kisu cha daktari."

Wakagombana mpaka alasiri ikaadhiniwa. Swabaha alilia. Mwanakuu hakulia, wala hakumbembeleza. Mwishowe dada akajifuta uso kwa leso, akauliza kwa ukali:

"Basi wewe wala nini?"

"Samaki. Mchicha. Wali kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mwanakuu, uso ungali umekunjana, akakunja kiganja kama kikombe, akamwonyesha kipimo.