Masaa Mawili ya Ndege

Baba yake alipofariki Kisangani, Nyota alikuwa Kinshasa, na hakuja mazishini. Alieleza kwenye simu kwamba ndege zinapita kwanza Goma, abiria wanalala huko, na mara nyingi safari inavunjika. Mama yake, Mama Aziza, hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Aliamini. Kila aliyeuliza alijibiwa: mutoto alitaka kuja, njia ndiyo ilimushinda.

Ukweli ni kwamba siku zile Nyota alikuwa akitarajia kupandishwa cheo, akaogopa kuomba ruhusa.

Mwaka uliofuata ofisi ilimtuma mkutanoni Kisangani. Alimwambia mama anakuja. Hakusema kilichomleta.

Teksi kutoka uwanja wa ndege wa Bangoka ilipomfikisha nyumbani Kabondo, alikuta baraza limejaa jamaa. Mama alikuwa amepika lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, amepasha maji ya kuoga, na kitanda chake mwenyewe amemtandikia mgeni. Alimketisha, akamvua viatu, akaanza kumkanda miguu mbele ya watu.

"Pole, mutoto wangu. Safari yote hiyo. Goma mulilala vizuri?"

"Niko sawa, mama."

Hapo akaingia Joëlle, jirani anayeuza vitenge, ameshika mtandio.

"Nyota, ulisahau foulard yako kwa ndege. Nilikuwa nyuma yako, lakini ulikuwa unalala."

"Na wewe pia ulilala Goma?" Mama Aziza alimuuliza.

"Goma ya nini, mama? Ndege iko directe, haisimame njiani. Kinshasa na hapa ni kilomita elfu moja na mia mbili hivi, masaa mbili haifike. Asubuhi nilikunywa chai kule."

"Imeanza sasa?"

"Hapana. Miaka yote hii ninasafiri, iko vile."

Tonton Bilali, mdogo wa marehemu, aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake, aliweka kikombe chini. Nyota alitaka kuvuta miguu yake, lakini mama hakuiachia. Alimaliza mguu ule, akashika na wa pili, akaukanda polepole vilevile.

"Donc, kumbe ile siku..." Tonton Bilali alianza.

"Shemeji, acha akule kwanza," mama alisema.

Nyota alikula bila kuinua kichwa. Jamaa waliondoka mmoja mmoja, wengine bila kumuaga. Walipobaki wawili, mama alisema, "Nilibeba maneno yako kwa nyumba za watu. Sasa nitawaangalia na macho gani?"

"Mama, hata leo ni kazi ndiyo imenileta."

Mama Aziza alimtazama, kisha akakusanya sahani.

Kesho yake, mkutano ulipokwisha, Nyota alianza kuzunguka kwa jamaa akiwa peke yake. Alianzia kwa Tonton Bilali, ambaye hakumkaribisha ndani.

"Mama hakuwadanganya, tonton. Mimi ndiye nilimudanganya. Ningeweza kufika."

"Tulichelewesha mazishi mpaka jua ikaanza kushuka," alisema. "Mama yako alituomba. Alisema, labda ndege itafika."

Hilo Nyota hakuwa amelijua. Alisimama pale mlangoni machozi yakimtoka, na tonton hakumwambia anyamaze. Alipoweza kutembea, alielekea nyumba ya shangazi yake.