Mkono Mwembamba wa Ndeshi

Ndeshi alikuwa na ndoto moja aliyoizoea. Ndani ya ndoto hiyo alikuwa ukungu. Alipanda taratibu kutoka kwake Kimandolu, mjini Arusha, akapita juu ya mibuni, akapenya kati ya migomba bila kutikisa hata jani, mpaka nyumbani kwa mama yake huko juu, Mlima Meru. Kila alipotaka kugonga mlango, aliamka. Akajikuta kitandani, mwili wote upo palepale alipouacha, na magoti yanauma hata kabla hajayasimamia.

Maana Ndeshi alikuwa mnene, tusizungukezunguke. Unene wenyewe ulikuwa wa heshima, wa fundi cherehani mwenye wateja wake, na kanisani wanawake walimsifu Mika, mumewe, kwamba anajua kutunza. Lakini heshima hiyo haikumfikisha kwa mama. Barabara ya gari inaishia kijitoni, na kutoka hapo ni kupanda tu, kwenye utelezi na mizizi.

Krismasi moja alijaribu. Alifika nusu ya njia, pumzi ikakata, akakaa juu ya jiwe, na mikate na sukari akampa mpita njia ampelekee mama. Akiwa pale alimsikia mama yake, Mama Anyesi, akiuliza kwa sauti kubwa kutoka juu: "Ndeshi yuko wapi? Si mlisema anakuja?"

Mama alikuwa ameshapoteza macho, na sasa miguu nayo ilianza kumuaga. Ndeshi aliteremka akilia njia nzima. Alijua kwamba akiendelea vile, siku atakayofika kule juu atafika kuzika.

Muuguzi wa kliniki alimwambia aache nyama, vya kukaanga na soda, ale vya shambani: ndizi za kuchemsha, maharage, mboga za mnafu na matembele, na ugali wa dona wa kiasi. "Na usiniulize lini," alisema yule muuguzi. "Wewe kula hivyo na utembee. Mwili utajibu wenyewe."

Mwili ulijivuta kujibu. Wiki za mwanzo Ndeshi alikuwa mkali kama pilipili, na Mika alijifunza kula chips zake huko huko kazini. Halafu wakaalikwa mtaa wa Kwa Mrombo. Moshi wa nyama choma ukamshika Ndeshi pua, naye akala mbavu kama mtu anayelipiza kisasi. Alirudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba kila kitu kimeharibika. Asubuhi yake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, alikaa chini akachambua mnafu. Kuteleza si kuanguka. Na ninyi mnaoacha safari nzima kwa ajili ya sahani moja, hebu niambieni, mnamkomoa nani?

Masika yakaja yakapita, vuli ikaja, masika yakarudi tena. Magauni yakaanza kumpwaya, akayapunguza kwa cherehani yake mwenyewe. Alizoea kwenda kwa mguu hadi Daraja Mbili asubuhi, mlima ukiwa umejifunika shuka lake la mawingu, na kuna siku alitembea bila kuisikia ardhi chini yake, akadhani bado hajaamka. Sifa za kanisani zikageuka minong'ono. Anaumwa huyo. Mika kafanya nini? Ndeshi alicheka tu, akaongeza maharage.

Basi siku ikafika, akavuka kijito akaanza kupanda. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona mbele wala nyuma, aliona miguu yake tu ikienda. Alisubiri pumzi ikate. Haikukata. Alipoona moshi wa jikoni mwa mama yake alishangaa, kwa sababu alidhani bado yuko chini.

Aminieli, mdogo wake anayeishi na mama, alimkodolea macho mlangoni. "Dada? Ni wewe kweli?"

Ndani, mama alikuwa ameketi karibu na moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Ndeshi."

Mama Anyesi akanyoosha mikono, akashika kiganja cha bintiye, akapandisha vidole taratibu mpaka kwenye kiwiko. Kisha akauachia ule mkono.

"Huyu si Ndeshi. Sauti mtu huiga, lakini Ndeshi ana mkono wa kushika. Aminieli, umeniletea nani?"

"Ni dada, mama. Amekonda tu."

"Amekonda!" Mama akapiga paja. "Kwa hiyo Mika anakula peke yake! Kwetu binti akirudi hivi, mume anaitwa ajieleze. Aminieli, mfunge yule beberu tuchinje. Leo huyu anywe supu, kesho wazee wamwite huyo Mika."

Nje mbuzi alilia, kamba ikamshika shingoni. Ndeshi alijisikia mpweke kuliko siku ile ya jiwe. Alikuwa amejinyima yote yale ili aifikie mikono hii, na mikono imemkataa. Na supu ya mama haikataliwi. Ukiikataa umemkataa mama. Neno "sawa" lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mama," akasema badala yake, "Mika hana kosa. Nimeacha nyama mwenyewe, ili niweze kupanda huku."

"Ukawa unakula nini?"

"Ndizi. Maharage. Mnafu."

"Mnafu! Mnafu tulikula kwa kukosa, mtoto wewe. Nilikusomesha uende mjini ukale nyama, sasa unarudi kwenye mnafu?"

"Ndiyo, mama. Wewe ulinifikisha mjini. Mnafu umenirudisha kwako."

Mama akapapasa ukuni, akausukuma motoni.

"Aminieli anachuma majani kama ng'ombe," akasema. "Mtu akila mnafu nyumbani kwangu, nauchuma mimi."

"Mama, hujatoka nje tangu mvua zianze," alisema Aminieli toka mlangoni. "Nani atakushika kwenye utelezi huu?"

Ndeshi alikuwa ameshachuchumaa. Magoti yalikunjika bila kulalamika. "Panda, mama."

Wakamfunga mgongoni kwa kanga. Ndeshi aliposimama alitulia kidogo, kwa sababu uzito ule aliufahamu. Ulikaribia kabisa ule aliokuwa ameupunguza tangu Krismasi ile, na miguu yake ilijua namna ya kuubeba.

Akaingia shambani. Migomba ilidondosha maji, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka hapakuwa na mlima wala mji, walikuwepo wao wawili tu. Pumzi ya mama ilikuwa ya moto shingoni mwake. Mkono wa mama ukaanza kutembea, begani, kwenye mfupa wa bega, kwenye uti wa mgongo, ukashuka na kupanda.

"Simama kwanza," mama akasema.

"Nimekuumiza?"

Kiganja kilipita tena, polepole, kikisugua kidogo.

"Mgongo huu nimeuogesha mimi," akasema. Akalaza shavu lake pale pale, akalia. Kisha akageuza kichwa kuelekea nyumbani.

"Aminieli! Mfungulie mbuzi. Ni Ndeshi."