Mtoto wa Ishirini

Rosa alikuwa na miaka kumi na mmoja na shida moja tu duniani: shule yao ya mlimani isifungwe. Habari aliileta Mwalimu Benedikto mwenyewe, Jumapili baada ya sala. Mwaka huo misheni ilikuwa imeamua kwamba shule zote ndogo za Uluguru zifanye mtihani mmoja wa hesabu, swali lile lile kwa wote. Shule yenye watoto thelathini kama yao ilitakiwa itoe ishirini waliofaulu. Wakipungua hata mmoja, mlango unafungwa, na watoto watashuka misheni kubwa kule bondeni, mwendo wa saa tatu na mto katikati.

Mama Rosa alitoa hukumu yake kabla Mwalimu hajamaliza kusema. "Mtoto wangu wa kike havuki mto ule. Shule ikihama, Rosa atabaki na mimi shambani."

Na Mama Rosa akishasema, hata Mdachi, yaani Mjerumani aliyetawala, na askari wake wote wasingembadilisha. Rosa alimjua mama yake. Yeye alikuwa ameshafika kitabu cha pili, anasoma bila kufuatisha kidole, halafu aambiwe basi, rudisha kitabu, shika jembe? Alilia siku ile mpaka macho yakavimba. Kesho yake akaanza kuwafundisha wenzake hesabu, njiani, mtoni, popote alipowakamata.

Aliyempa kazi alikuwa Veronika. Wapo watu wasio na haraka, na yupo Veronika. Msichana mrefu, wa miaka kumi na mitatu, mpole, lakini ukimtuma chumvi jirani unaweza kupika, ukala chakula kisicho na chumvi, ukaosha na vyombo, ndipo umwone anarudi. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Watu walikwishazoea kummalizia.

Maana huko milimani ndivyo watu walivyolima, na mpaka leo wapo wanaolima hivyo. Siku ya kulimiana, kila mtu hukatiwa ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima. Ukimaliza ngwe yako hukai chini ukajipepea. Unageuka, unaanza kulima ngwe ya mwenzako aliyebaki nyuma, mpaka mkutane. Atakayekaa kivulini mwenzake akiwa bado anatoka jasho atasemwa mwaka mzima, tena na bibi zake mwenyewe.

Basi Padri mkaguzi akafika, Mjerumani mwembamba, jasho linamtiririka kwa kupanda mlima. Watoto wakasimama. "Tumsifu Yesu Kristo." Akaitikia, "Milele na milele, amina," akafungua bahasha yake na kuandika swali ubaoni. Vibao vya watoto vikaanza kulia kwa kalamu za mawe.

Rosa alimaliza wa kwanza. Akainuka, akaenda nyuma alikokaa Veronika, akamchukulia kibao chake taratibu na kuanza kumwandikia. Agustino naye alipomaliza akamgeukia Paulo. Mwingine akamfuata mdogo wake. Punde darasa zima likawa limekwenda nyuma, wenye mbio wanawalaki wa polepole, na Mwalimu Benedikto amesimama mlangoni anatabasamu, ameridhika kabisa na adabu ya watoto wake.

Padri alikuwa mwekundu kama pilipili. "Mwalimu, watoto wako wanaiba mbele ya macho yangu."

"Wanaiba nini, Padri?"

"Majibu."

Mwalimu Benedikto alifikiri kwa makini. "Lakini mwenyewe ndiye anayempa mwenzake, Padri. Kitu ulichopewa na mwenyewe umekiibaje?"

Padri akamweleza, na wote wakasikia, kwamba yeye hakutumwa kupima kijiji. Ametumwa kujua kila mtoto anajua nini akiwa peke yake. Kwa haki yake angeandika sifuri kwa wote thelathini na kushuka zake. Rosa aliposikia sifuri moyo ulimpasuka. Akasimama.

"Padri, nisamehe. Mimi ndiye niliyeanza."

Padri alimtazama. Kisha akachungulia tena ndani ya bahasha, akatoa karatasi ya pili. Ilikuwa na swali la akiba. "Tokeni nje," akasema. "Tunaanza upya."

Akawatawanya kwenye mteremko nyuma ya shule, kila mtoto na mgomba wake, hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Akalisoma swali mara tatu kwa sauti kubwa: gari la moshi limetoka Ngerengere na magunia tisini na sita. Thelathini na manane yakabaki garini, yaliyoshushwa yakagawanywa sawasawa katika maghala mawili. Kila ghala limepata mangapi? Akatoa saa yake mfukoni. "Atakayemfuata mwenzake, nafunga shule sasa hivi."

Rosa alimaliza upesi. Padri akakisoma kibao chake, akamsimamisha kuume. Sasa kazi ikawa kusimama. Loo, hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Pale chini alimwona Veronika ameinama, anachora vijistari, kimoja, kingine, kingine tena, kibao kinajaa kama kimemwagiwa sisimizi. Anachora nini huyu? Mikono ilimwasha Rosa, akaikunja mgongoni.

Watoto wakaja mmoja mmoja. Waliopata kuume, waliokosa kushoto. Rosa alihesabu kuume kwa midomo bila sauti. Kumi na tano. Kumi na nane. Agustino, huyo, kumi na tisa. Kushoto walikuwa kumi. Akatazama migombani, na aliyebaki ni Veronika peke yake.

Basi, tumekwisha, Rosa akasema moyoni, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Veronika alikuwa anafuta vijistari kwa kidole, pole pole, huku midomo inahesabu. Akavigawanya vilivyobaki. Akavihesabu tena, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuhesabu mara moja. Padri alitazama saa, akafungua mdomo kutaka kusema, na Veronika akasimama, akapanda mteremko kwa mwendo wake ule ule wa siku zote.

Padri alikigeuza kibao huku na huku, akitafuta jibu katikati ya vijistari vile. Pembeni kabisa, kwa mate, palikuwa pamefutwa mahali padogo na kuandikwa vizuri: 29.

"Kuume," Padri akasema. Akafunga saa. "Ishirini."

Mwalimu Benedikto alikaa chini kwenye majani kama alivyo, na kanzu yake nyeupe. Rosa alimrukia Veronika shingoni, analia na kucheka. Furaha ilipopungua kidogo ndipo aibu ikamwingia.

"Kumbe unajua," akamwambia. "Siku zote hizo mbona hukusema?"

Veronika alifikiri, kama kawaida yake.

"Mlikuwa mnanichukulia kibao," akasema.

Rosa akamwachia shingo. Akakimbia nyumbani. Mama yake alikuwa amesimama njiani tangu asubuhi, kazi zote zimemshinda.

"Imebaki, mama. Shule imebaki. Veronika ndiye aliyetuokoa."

Mama Rosa alikunja uso.

"Veronika yupi?"

"Veronika wetu, mama. Hakuna mwingine."

Mama akageuka kutazama kule shuleni, akatazama sana. Kisha akajifunga khanga vizuri, akashika njia ya kwenda kumpa Veronika mkono.