Mwenyekiti wa Harusi ya Machibya

Machibya alimchumbia Prudencia mara mbili. Mara ya kwanza Prudencia alimwambia asubiri amalize shahada. Mara ya pili shahada ilikwisha kutundikwa ukutani, basi akajibu kwamba hana haraka, na kwa kuwa alipenda sana kushauri watu, akaongeza, "Wewe unafaa kupata mke mtulivu. Mtu kama Wilhelmina."

Watatu hao walikuwa marafiki tangu sekondari. Machibya, mfanyabiashara wa Magu, alikuwa mtu wa kusikia anachoambiwa. Akaenda kwa Wilhelmina.

Prudencia aliipata habari kwenye mgahawa mmoja Pasiansi, samaki sato akiwa mezani, wachumba hao wakimtazama kwa woga. Akacheka kwa sauti mpaka wahudumu wakageuka.

"Hongereni! Mwenyekiti wa kamati ni mimi, na sitaki kusikia jina lingine!"

Alitaka tu waone kwamba hajaumia. Lakini kamati ikamnogea. Wajumbe waliochelewa aliwaacha wasimame nje ya mlango. Alifukuza mpishi, akafukuza mpambaji, na kila alipojisikia kulia aliitisha kikao. Wiki nyingine walikutana hadi ajenda zikawaishia.

"Dada Prude," mweka hazina Revocatus alimnong'oneza, "hata bwana harusi haitaki harusi hii kama unavyoitaka wewe."

"Subiri zamu yako ya kuzungumza," akamkata.

Siku chache kabla ya ndoa, Machibya alimfuata Prudencia kwenye duka lake la dawa. Akasimama mbele ya kaunta kama mgonjwa anayeona haya kutaja ugonjwa wake.

"Prude, ukisema nisioe, sioi."

Maneno yote ya miaka hiyo yalimjaa kinywani, yakasukumana. Kisha akilini akauona ukumbi, akaiona keki, akawasikia wajumbe wakisema mwenyekiti kampora rafiki yake mume.

"Suti umeijaribu?" akauliza.

"Nimeijaribu."

"Mabegani haibani?"

"Haibani."

"Basi nenda, nina wateja."

Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

Asubuhi ya harusi, katika saluni moja ya Buswelu, Wilhelmina alisubiri msusi atoke, kisha akamshika Prudencia mkono.

"Kama unampenda, sema sasa. Nitakasirika, lakini sitakufa."

"Tulia wewe, kope inabanduka," Prudencia akasema, akaibandika upya.

Harusi ilifana. Mshereheshaji alimwita mwenyekiti mbele, maharusi wakapiga magoti wakamkabidhi keki, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Prudencia alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikavunjika.

Kesho yake mama yake alipiga simu kutoka Muleba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi yule kijana wa Kisukuma aliyetuletea mchele Krismasi, mbona humleti tena?"

"Tumemwozesha jana, mama."

"Nani kamwozesha?"

"Kamati."

"Na mwenyekiti wa kamati hiyo ni mjinga gani?"

Prudencia akasema mtandao unasumbua, akakata simu. Akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akalia mpaka jirani akaja na kanga begani kuuliza nani amefariki.