Nusu ya Pili ya Uso

Mimi si mtu wa kutulia. Baba alinibandika jina la Kiherehere kabla sijaota meno, na mpaka leo, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, ndilo analoniitia. Mtu akitaka kuniadhibu asihangaike na fimbo, anikalishe tu kwenye stuli. Mwaka huu nilikalishwa wiki kadhaa.

Baba ni mchora mabango. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango wa bati, na mtaa mzima unamwita Fundi Rula kwa sababu hajawahi kuyaamini macho matupu. Hata mkate anaukata kama anayekata kioo cha dirisha. Nimefanya kazi naye miaka ishirini, lakini upande wa herufi tu. Vichwa vya watu, vile vya mabango ya vinyozi na mafundi cherehani, vilikuwa vyake. Nikimwomba anifundishe alinijibu, "Herufi zinakutosha. Uso unataka mtu anayeweza kukaa." Nikarudi kwenye herufi zangu, ingawa jibu hilo liliniuma.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono wa kazi ukalala, mguu ukawa mzito, na uso ukateremka kuanzia chini ya jicho: shavu likalegea, pembe ya mdomo ikaenda chini, mate yakawa yanatoka bila ruhusa. Mguu ulianza kurudi baada ya wiki chache. Uso haukurudi, kwa sababu mwenyewe hakutaka kuwa na habari nao. Aliniamuru nikigeuze ukutani kioo kirefu cha marehemu mama. Alikula amenipa kisogo. Rafiki zake wakija kumjulia hali, nilitumwa mlangoni kusema amelala, saa nne asubuhi, redio ikisikika hadi barabarani.

Mama wa mazoezi alikuja kila Jumanne na Ijumaa kumnyoosha viungo. Siku moja alinivuta uani.

"Dada, nikwambie ukweli. Mkono unaendelea vizuri. Lakini uso lazima aufanyie kazi mwenyewe, mbele ya kioo, kila siku. Avute midomo kama anapiga mluzi, ajaribu kutabasamu, ajione anapokosea arekebishe. Huu ni mwezi wa tatu. Akiendelea hivi, mdomo utazoea hapo ulipo."

"Hataki kukiona kioo."

"Basi tafuta njia. Mimi nimembembeleza mpaka ulimi umeota sugu."

Tafuta njia! Kana kwamba njia zinauzwa dukani kwa kilo. Kwa siku tatu nilizunguka nyumba nikiosha vikombe visafi na kufagia palipofagiwa. Mara moja uzalendo ukanishinda, nikamfokea kwamba anajizika akiwa hai. Akaongeza sauti ya redio.

Njia ililetwa na kinyozi. Alikuja kutaka bango jipya. Alitaka uso unaomtazama mteja. Nilifungua mdomo nimwambie fundi wa nyuso anaumwa, nikaufunga. Nilikumbuka kwamba baba anaweza kuvumilia njaa, jua na wateja wabishi, ila hawezi kuvumilia mchoro mbaya. Aliwahi kugombana na ukuta wa duka la dawa kwa sababu mtoto aliyechorwa pale alikuwa na shingo ya mtu mzima.

Nikachukua stuli, nikakaa karibu na kitanda chake na karatasi magotini, nikaanza kuchora kichwa. Sikuhitaji kujitahidi kuharibu.

Hazikupita dakika tano, akanitupia jicho la pembeni.

"Hicho nini?"

"Kichwa cha mtu."

"Cha mtu!" Maneno yalimtoka kwa upande mmoja wa mdomo, mazito, lakini dharau ilikuwa timamu kabisa. "Macho umeyaweka wapi?"

"Juu. Si ndiko yaliko?"

"Shika kichwa chako. Weka kidole utosini, kingine kwenye jicho. Haya, teremka mpaka kidevuni. Umbali upi mrefu?"

Nikapima. Nikapima tena, maana sikuamini. Sawasawa. Miaka arobaini na miwili nimetembea na macho katikati ya kichwa nikidhani yako juu.

"Kila anayeanza humkata mtu ubongo," alisema. "Futa."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Asubuhi baada ya chai nilikalishwa, yeye amelala kiubavu, upande mbovu kwenye mto, akiniamuru. Piga mstari wa kusimama. Piga wa kulala, katikati. Kati ya jicho na jicho acha nafasi ya jicho jingine. Sikio linaanzia usawa wa nyusi, linaishia usawa wa pua, usilipandishe kama la sungura. Miguu iliniwasha. Nilisimama kunywa maji ambayo sikuyataka. "Kaa, Kiherehere!" Nikakaa, nikitamani kuila penseli.

Wiki ya pili alinifunulia siri ya kazi. Unakunja karatasi katikati kwa urefu, unachora nusu ya uso kwa makaa, unaifunika, unasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Ukifungua, nusu ya pili imejileta yenyewe.

"Ina maana vichwa vyote vile vya vinyozi," nilisema, "ni vya kijiko?"

"Wateja walivipenda."

"Ndiyo maana wote wanaonekana wamepigwa pasi."

Alicheka. Kicheko kilitoka upande mmoja tu, akakikata haraka na kuuzika uso kwenye mto.

Nikaona hapo hapo nisilaze damu. "Nimchore nani sasa? Nikuchore wewe?"

Akageuka kidogo, shavu la kushoto juu. "Chora huku."

Nikachora huku. Nikakunja, nikasugua, nikafungua. Akatokea mwanamume mtanashati, pembe zote mbili za mdomo ziko juu. Baba aliitazama ile karatasi mpaka macho yakalowa.

"Ndiyo," alisema. "Huyo ndiye mimi. Ibandike."

Niliibandika juu ya meza yake, na siku hiyo alikula akiitazama. Nilitafuta njia ya kumpeleka kwenye kioo, nikamtengenezea mahali pa kujificha. Ijumaa mama wa mazoezi aliiona. "Mzee huyu wa karatasi hahitaji mazoezi," alisema, akaniangalia kwa namna ambayo ningependa ardhi inimeze.

Kesho yake nilichukua karatasi mpya. Sikuikunja.

"Geuka unitazame, baba."

"Ya nini? Unayo nusu."

"Kinyozi anataka uso wa mtu, siyo wa kijiko. Au ulisema kweli, kwamba siwezi kukaa?"

Nilijua nimemgusa pabaya, na nilikusudia. Alinikazia macho kwa hasira, na katika kunikazia huko akageuka uso mzima. Nilikuwa sijauona hivyo tangu aanguke. Nilitaka kulia, na nilitaka kumzaba kibao kwa kuninyima uso ule muda wote huo, maana ulikuwa ule ule wa baba yangu, umeshuka tu upande mmoja. Nikapiga mstari wa kusimama, nikapiga wa kulala.

Nilikaa tangu chai mpaka adhuhuri. Sikunywa maji. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi nikauacha ufe. Nilipomaliza nikampa karatasi.

"Macho sawa," alisema. "Masikio sawa. Pua nene kidogo." Akashusha macho. "Mdomo umeupinda."

"Sijaupinda mimi, baba."

"Umezidisha!"

"Sijazidisha."

"Nimechora nyuso wewe hujazaliwa!"

"Basi pima. Si wewe ndiye Rula?"

Nje mtu aligonga mlango wa bati, akagonga tena, akaenda zake. Nilijiona mkatili. Nilikuwa karibu kuomba radhi, nichukue karatasi yangu nitoke, pale aliposema, "Lete kioo."

Ni desturi ya karakana. Kazi ikibishaniwa, unaweka mchoro na kitu chenyewe bega kwa bega, unavitazama vyote viwili kwenye kioo, na kosa linakosa pa kujificha. Nilikigeuza kioo cha mama, nikakifuta vumbi kwa khanga yangu. Baba alijiinua akakaa, akashika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza shavuni. Kisha akainua macho.

Alitazama karatasi, akatazama uso, akarudi kwenye karatasi, na mimi nilisimama nyuma yake roho ikiwa mkononi, nikiwaza kwamba nimemmaliza mzee wangu kwa kiherehere changu.

"Umekosea," alisema mwishowe.

"Wapi?"

"Umenionea huruma. Pembe iko chini zaidi ya hapa." Aliniashiria makaa. "Shusha."

Nikapiga goti, nikafuta, nikashusha.

"Tena."

"Baba, inatosha."

"Nani Rula hapa? Shusha."

Nikashusha. Chozi lilidondoka kwenye kidevu cha karatasi, nikalifuta kwa kidole, na makaa yakaenea. Hakunikemea. Aliirudisha karatasi shavuni, akakaza macho kwenye kioo.

"Hapo," alisema. "Sasa ni mimi. Andika tarehe chini."

Niliandika tarehe kwa herufi ambazo sijawahi kuandikia bango lolote.

"Ile ya kijiko mpe kinyozi," aliongeza. "Hii tutaipima tena Jumamosi ijayo. Na mlangoni, kama ni mmoja wa rafiki zangu aliyegonga, mwite kabla hajafika mbali."

Nilikuwa nimeshafika kizingitini nilipogeuka kumtazama. Alikuwa anakusanya midomo mbele ya kioo kama anayetaka kupiga mluzi. Ilitoka hewa tu, na mate. Akajifuta kwa kiganja, hakugeuza uso, akaikusanya tena.