Senge wa Kaseti

Jentrix alionywa mapema. Daktari Kimaiyo, msimamizi wake chuoni, alimwambia: mtafiti ni mgeni, na mgeni hatii mkono chunguni. Nenda Kitale, sikiliza jinsi mashabiki wa mchezo wa redio wa Nasimiyu wanavyotunga vipande vyao wenyewe, andika, rudi.

Lakini mashabiki wale wa mtaa wa Kipsongo, waliokutana Jumapili kwenye kibanda cha msusi, walikuwa na sheria yao: hakuna kusikiliza bure. Ukiingia unapewa sauti, unanaswa kwenye kaseti. Wakampa ya senge, yule shangazi ambaye msichana wa Kibukusu akiteswa na mume humkimbilia. Jentrix akasema kwa moyo wote: “Senge hafungi mlango. Njoo hata na nguo moja.” Vigelegele! Naye, mjanja wetu, akaandika kwenye tasnifu kwamba maneno hayo ni ya “shabiki mmoja wa kike”, na kwamba mtafiti hakushiriki.

Haya sasa. Siku Daktari alipomtembelea nyumbani Bungoma kuipitia kazi hiyo, chai haijapoa, hodi ikasikika. Mlangoni alisimama Wilkista, shabiki wa pale kibandani anayeigiza Nasimiyu kwenye kaseti, mtoto mgongoni, furushi mkononi, jicho moja limevimba.

“Senge,” akasema, “nimekuja.”

Jentrix akapiga hesabu upesi. Akikiri, kazi yote imekwenda na maji. Akimfukuza, anamrudisha kwenye ngumi. Hakuona pa kutokea.

“Ni nani huyo?” Daktari aliuliza.

“Mtoto wa kaka yangu. Ametoka Misikhu.”

Uongo ulitoka laini, hata mwenyewe akapumua. Wilkista, maskini, akamgeukia Daktari kwa furaha.

“Si nilijua, bana! Nilimwambia mume wangu, senge hafungi mlango. Njoo hata na nguo moja!”

Daktari aliweka kikombe chini.

“Hayo maneno nimeyasoma kwenye tasnifu. Ni ya shabiki mmoja wa kike.”

“Ati shabiki?” Wilkista akamnyooshea Jentrix kidole. “Si ni yeye!”

Mtoto akaanza kulia. Aibu ilimchoma Jentrix mpaka masikioni, na hasira pia, hajui amkasirikie nani. Akapokea furushi, akalipeleka chumbani. Aliporudi, Daktari alikuwa ameshavaa koti, yuko kizingitini.

“Nifunge mlango?” akauliza.

Jentrix alimtazama Wilkista, ambaye alikuwa bado amesimama.

“Uache wazi,” akasema.