Filimbi ya Vidole Vinene

Mama na binti walikuwa wamekubaliana mapema: ndani ya darasa la filimbi hakuna mama wala mwanangu, kuna mwalimu na mwanafunzi basi. Sharti lenyewe alilitoa mama, ambaye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa binti yake. Hakutaka mtu yeyote aje kusema anabebwa.

Na kweli hakubebwa. Muhula mzima alikaa benchi la mbele na wanaoanza, filimbi ndogo ya plastiki mkononi, akipuliza polepole kama anapoza chai, na bado ikampigia mlio wa birika. Benchi la kati walikaa waliopiga hatua, wenye filimbi ndogo za mbao. Nyuma kabisa walikaa wababe, na filimbi zao kubwa za sauti nzito. Ndivyo mwalimu alivyopanga ngazi, na hakuna aliyewahi kuruka hata moja.

Balaa ni kwamba mdomo ulikuwa umeshamponza. Kule kwenye tanuri la mikate, alikofanya kazi tangu usichana wake, alikuwa amewatangazia waokaji wenzake wote kwamba Jumamosi watamwona jukwaani kwenye onyesho la darasa. Wenzake walishaomba ruhusa kazini. Na mwalimu alishasema waziwazi kuwa atakayeshindwa kupiga wimbo mmoja bila mlio wa ovyo atakaa na watazamaji.

Siku ya jaribio filimbi ikamuumbua mbele ya darasa zima. Fundi saa wa benchi la kati alijikohoza ili asicheke.

"Mwanafunzi, ziba matundu vizuri," mwalimu akasema.

"Nimeyaziba, Mwalimu. Nimeziba mpaka la jirani."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikuja akachutama mbele yake, akaushika ule mkono na kuugeuzageuza. Vidole vilikuwa vipana, vimekomazwa na kukanda unga, na juu ya kile kifilimbi vilisukumana kama watu kwenye mlango mwembamba. Kimoja kikikaa sawa, cha pili kinatoka tunduni na pumzi inavuja.

"Nimekuwa nikigawa filimbi kwa ngazi," mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Mikono yenu sikuitazama hata siku moja."

Akaenda kabatini, akarudi na filimbi kubwa ya mbao, yenye kitufe cha chuma chini kwa ajili ya kidole cha mwisho.

"Lakini Mwalimu, hiyo si ya waliofuzu?" mtu wa nyuma akauliza.

"Ni ya mkono unaoifikia."

Mama akairudisha. "Sitaki upendeleo."

"Sikupendelei. Puliza."

Akapuliza. Safari hii kila kidole kilipata chumba chake. Sauti ikatoka nene, tulivu, ikampanda kifuani, naye mwenyewe akashtuka kuwa ni yake. Akaenda na wimbo mpaka katikati, akakosea, akarudi nyuma kwa hasira zake za kawaida, akaumaliza. Fundi saa hakukohoa tena.

Jumamosi waokaji walijaa safu nzima, nguo zimenyooshwa, mikono safi kuliko siku zote. Mwalimu alitambulisha wapigaji mmoja baada ya mwingine, kila mtu na benchi lake, mpaka akafika kwa mwanamke aliyesimama na wanaoanza huku ameshika filimbi ya wababe.

"Na huyu ni mwanafunzi wa benchi la mbele," akasema. Akamgeukia. "Huyu ni mama yangu."

Mama akamkata jicho. Sharti ni sharti. Lakini alijawa na fahari, na mwalimu akiwa ameshainua mkono, wapigaji wote walilazimika kumngoja kidogo, maana mdomo unaotabasamu haushiki filimbi.